Swali Huanzia Kwenye Jibu: Kuvunja Milinganyo ya Kwadratiki na Kuiunda Upya Kutoka Kwenye Mizizi

Chukua mlinganyo wowote wa kwadratiki wa mtihani unaovunjika vizuri, tuseme x² − 2x − 15 = 0. Aliyeutunga hakuuokota njiani. Alichagua kwanza namba mbili, 5 na −3, akaandika mabano mawili, (x − 5)(x + 3), akayafungua, kisha akakupa matokeo na kuficha yaliyotangulia. Unapoambiwa utafute thamani za x, unachoombwa ni kurudi njia ile ile kinyumenyume.

Wanafunzi wengi hawajui hilo. Huanza moja kwa moja na kuvunja, yaani kutafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zitoe hii na zikijumlishwa zitoe ile, bila kuona kwa nini iwe hivyo. Ikifika siku ambayo mbele ya x² kuna 6, kila kitu kinawapotea. Ushauri wetu ni kuanza upande wa pili: unda milinganyo kadhaa kutoka kwenye mizizi kwanza, ndipo uanze kuivunja. Anayejua kusuka mkeka hahangaiki kuufumua.

Kwa kuwa Uganda hisabati ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, tukubaliane kwanza juu ya maneno. Mlinganyo wa kwadratiki ni ule unaoweza kuandikwa ax² + bx + c = 0, mradi a isiwe sifuri. Namba a na b tutaziita vizidishi, na c ni namba iliyosimama peke yake. Mizizi ni thamani za x zinazofanya upande wa kushoto uwe sifuri. Vigawo ni vile vitu ambavyo vikizidishwa vinatoa kitu kizima: 3 na 5 ni vigawo vya 15, na (x − 5) na (x + 3) ni vigawo vya x² − 2x − 15.

Kuunda

Mizizi ni 5 na −3. Andika kila mmoja kama mlinganyo mdogo, kisha uhamishe kila kitu upande mmoja:

x = 5, kwa hiyo x − 5 = 0
x = −3, kwa hiyo x + 3 = 0

Zidisha pande za kushoto: (x − 5)(x + 3) = 0. Sasa fungua mabano polepole, uone mizidisho yote minne: x mara x ni x²; x mara 3 ni 3x; −5 mara x ni −5x; −5 mara 3 ni −15. Unapata x² + 3x − 5x − 15, na ukikusanya, x² − 2x − 15 = 0.

Simama hapo kwenye mstari wa kabla ya kukusanya. Kipande cha kati, −2x, kilikuwa vipande viwili: 3x na −5x. Zile namba 3 na −5 zimejumlishwa zikatoa −2, na zimezidishwa zikatoa −15. Kuvunja mlinganyo wa aina hii ni kuzifufua namba hizo mbili zilizomezwa na jumla. Hakuna kingine.

Ukiweka herufi p na q mahali pa mizizi, unapata umbo la jumla:

(x − p)(x − q) = x² − (p + q)x + pq

Kwa hiyo kizidishi cha x ni jumla ya mizizi iliyogeuzwa alama, na namba ya mwisho ni zao la mizizi hiyo, yaani jibu la kuizidisha, lilivyo. Jumla hugeuzwa alama kwa sababu kila mzizi umeingia kwenye bano lake na alama ya kutoa. Zao haligeuki kwa sababu hasi mbili zimezidishana na kurudi chanya. Ukilielewa hili, hutahitaji kukariri. Kosa la kusoma (x + 3) na kuandika x = 3 nalo litakutoka lenyewe, maana swali la kuliuliza bano lolote ni moja tu: x iwe ngapi ili bano hili liwe sifuri?

Mizizi ikiwa sehemu, usikimbilie kuandika (x − 2/3). Tuseme mizizi ni 2/3 na −1/4. Ondoa asili, yaani namba ya chini ya sehemu, mapema: x = 2/3 inakuwa 3x = 2, yaani 3x − 2 = 0; x = −1/4 inakuwa 4x = −1, yaani 4x + 1 = 0. Zidisha: (3x − 2)(4x + 1) = 12x² + 3x − 8x − 2, ambayo ni 12x² − 5x − 2 = 0. Njia ndefu ingekupa x² − 5/12 x − 1/6 = 0, halafu ungezidisha yote kwa 12 na kufika pale pale, ila kwa nafasi nyingi zaidi za kukosea njiani.

Mbinu hiyo ya kuondoa asili ina faida nyingine. Kikokotoo kikikuonyesha mizizi 1.5 na −0.4, unaweza kuandika vigawo vyenyewe: 1.5 ni 3/2, kwa hiyo (2x − 3), −0.4 ni −2/5, kwa hiyo (5x + 2). Alama za mtihani hutolewa kwa hatua ulizoandika, na namba ya kwenye kioo peke yake haionyeshi hatua yoyote.

Sasa jambo ambalo huwakwaza hata wanaojiamini. Mlinganyo 24x² − 10x − 4 = 0 una mizizi gani? Ni ile ile 2/3 na −1/4, kwa sababu ni 12x² − 5x − 2 = 0 uliozidishwa kwa 2. Mizizi haikuambii a ni ngapi. Milinganyo isiyo na idadi ina mizizi hiyo hiyo, na ndiyo maana swali likisema "tafuta mlinganyo" tunaandika ule wenye namba kamili ndogo kuliko zote.

Ila swali likihusu mchoro wa y, mambo hubadilika. Tuseme mkunjo unakata mhimili wa x kwenye −1 na 4, na unakata mhimili wa y kwenye 8. Hapa a lazima itafutwe. Andika y = a(x + 1)(x − 4). Weka x = 0 na y = 8: 8 = a × 1 × (−4), kwa hiyo a = −2. Ukifungua unapata y = −2x² + 6x + 8. Anayeona namba zote zinagawanyika kwa −2 na kuandika y = x² − 3x − 4 amehifadhi mizizi lakini ameharibu mkunjo: uliokuwa umefunika sasa umefunuka juu, na unakata mhimili wa y kwenye −4. Kugawanya upande mmoja na kuacha wa pili ulivyo kunaruhusiwa pale tu ambapo huo wa pili ni sifuri, kwa sababu sifuri ikigawanywa kwa −2 inabaki sifuri, na y haibaki y.

Sifuri ndiyo inayofanya kazi

Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Hakuna namba nyingine yenye tabia hiyo. Zikitoa 6, zinaweza kuwa 2 na 3, 1 na 6, −12 na −1/2, au jozi nyingine zisizo na mwisho. Kwa hiyo (x − 2)(x − 3) = 6 hairuhusu mtu aandike x − 2 = 6 au x − 3 = 6, ingawa kosa hili huonekana mara nyingi mno. Fungua mabano, hamisha 6: x² − 5x + 6 − 6 = 0, yaani x² − 5x = 0, yaani x(x − 5) = 0. Mizizi ni 0 na 5. Hakiki: (0 − 2)(0 − 3) = 6, na (5 − 2)(5 − 3) = 6. Yule aliyeandika x − 2 = 6 alipata 8, na (8 − 2)(8 − 3) ni 30.

Wazo la kuutazama mlinganyo kama zao la vigawo lililo sawa na sifuri linaonekana wazi katika kazi ya Mwingereza Thomas Harriot, iliyochapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Yeye aliunda milinganyo kwa kuzidisha vigawo vilivyobeba mizizi. Mfaransa François Viète, aliyefariki mwaka 1603, alikuwa ameshaonyesha uhusiano wa mizizi na vizidishi.

Sifuri hiyo hiyo ndiyo inayoadhibu wanaogawanya kwa x. Katika 3x² = 12x, mkono huwasha kugawanya pande zote kwa 3x ili ubaki na x = 4. Mzizi mmoja umepotea hapo. Kugawanya kwa x kunamaanisha umeamua kwamba x si sifuri, na hakuna aliyekuambia hivyo. Hamisha, toa kigawo cha pamoja: 3x² − 12x = 0, 3x(x − 4) = 0, x = 0 au x = 4.

Kuvunja pale a ni 1

Tazama alama kabla ya namba. Kama c ni chanya, namba mbili unazotafuta zina alama moja, nayo ni alama ya b. Kama c ni hasi, zina alama tofauti, na iliyo kubwa ukipuuza alama ndiyo hubeba alama ya b. Hatua hii ya sekunde tano hukupunguzia nusu ya majaribio.

Kisha orodhesha jozi kwa mpangilio, usibahatishe. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020, na kutahiniwa mara ya kwanza katika UCE (mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini) ya 2024, unapenda maswali yaliyofungwa ndani ya hali ya maisha, kwa hiyo tuchukue moja ya namna hiyo. Mtu ana kiwanja cha futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila anayetafuta ardhi pembezoni mwa miji yetu anakijua. Anataka kuacha njia yenye upana sawa pande zote nne kwa ndani, na katikati apande mboga kwenye eneo la futi za mraba 3,600. Njia iwe na upana gani?

Upana ukiwa x, bustani itakuwa na urefu wa 100 − 2x na upana wa 50 − 2x. Ni 2x, maana njia ipo pande zote mbili. Wengi huandika 100 − x hapa na swali linakufa kabla ya kuanza. Basi:

(100 − 2x)(50 − 2x) = 3,600
5,000 − 300x + 4x² = 3,600
4x² − 300x + 1,400 = 0
x² − 75x + 350 = 0

Tumegawanya kwa 4, na upande wa kulia umebaki vile vile kwa sababu ni sifuri. Namba 350 ni chanya na 75 ina alama ya kutoa, kwa hiyo tunatafuta namba mbili hasi. Vunja 350 hadi namba tasa: 2 × 5 × 5 × 7. Jozi zake ni 1 na 350, 2 na 175, 5 na 70, 7 na 50, 10 na 35, 14 na 25. Jumla zake ni 351, 177, 75, 57, 45, 39. Angalia jinsi jumla zinavyoshuka kadiri namba za jozi zinavyokaribiana. Hii ina maana kwamba ukishapita jumla unayoitaka bila kuigusa, unaweza kuacha: haipo. Hapa ipo, 5 na 70. Kwa hiyo (x − 5)(x − 70) = 0, na x ni 5 au 70.

Mizizi yote miwili ni chanya. Mwanafunzi aliyefundishwa "kataa ile ya hasi" amekwama. Rudi kiwanjani: njia ya futi 70 haiwezi kukaa ndani ya kiwanja chenye upana wa futi 50. Jibu ni futi 5, na bustani ni 90 kwa 40, yaani 3,600. Lakini kwa nini aljebra ilileta 70 hata kidogo? Iweke: 100 − 140 = −40, na 50 − 140 = −90, na −40 × −90 ni 3,600 kamili. Mlinganyo haukudanganya. Uliulizwa ni lini zao hili ni 3,600, ukajibu mara zote mbili. Habari kwamba urefu hauwezi kuwa hasi hatukuuambia. Ndiyo maana kukataa mzizi lazima kuandikwe na sababu yake, kwa sentensi kamili, kwenye karatasi.

Wakati mwingine mzizi unaokataliwa una habari yake pia. Kundi limekodi teksi kutoka Tororo hadi Kampala kwa shilingi 240,000. Watu wawili wakakosa kufika, na kila aliyebaki akaongeza shilingi 6,000. Kundi lilikuwa la watu wangapi? Kila mmoja angelipa 240,000/n. Sasa analipa 240,000/(n − 2). Tofauti ni 6,000. Zidisha kote kwa n(n − 2): 240,000n − 240,000(n − 2) = 6,000n(n − 2). Kushoto kunabaki 480,000. Gawanya pande zote kwa 6,000: 80 = n² − 2n, kwa hiyo n² − 2n − 80 = 0, na (n − 10)(n + 8) = 0. Kundi lilikuwa la watu 10. Ile −8 tunaikataa, lakini tazama: waliosafiri walikuwa 8. Kama ungeanza kwa kuita n idadi ya waliosafiri, ungepata n² + 2n − 80 = 0, mizizi 8 na −10. Jibu la swali moja limejitokeza kwa alama ya hasi kwenye swali la jirani.

Mwalimu anayetaka kutunga swali kama hilo aanze na 10 na 8. Zao ni 80. Chagua nyongeza ya nauli, tuseme 6,000: 80 × 6,000 ÷ 2 ni 240,000, ndiyo bei ya teksi. Nyongeza ikiwa 5,000, bei ni 200,000. Hivyo unaweza kulipatia kila dawati swali lake, na majibu yote yakatoka namba safi.

Mbele ya x² kukiwa na namba

Chukua 6x² + 7x − 20 = 0. Kwanza uliza kama kuna kigawo cha pamoja kwa vipande vyote vitatu. Hapa hakuna. Kwenye 12x² − 42x + 18 = 0 kipo, 6, na kukitoa kunabakiza 2x² − 7x + 3 = 0, ambayo ni (2x − 1)(x − 3) = 0. Asiyeanza na hatua hii hujikuta akitafuta jozi za 216 bila sababu.

Kwenye 6x² + 7x − 20 zidisha a na c: 6 × −20 = −120. Tafuta namba mbili zenye zao −120 na jumla 7. Alama ni tofauti, kubwa ni chanya: 15 na −8. Gawa kipande cha kati kwa namba hizo, kisha panga wawili wawili:

6x² + 15x − 8x − 20
3x(2x + 5) − 4(2x + 5)
(2x + 5)(3x − 4) = 0

Mizizi ni −5/2 na 4/3.

Kwa nini tunazidisha a na c? Fungua (mx + n)(px + q): unapata mpx² + mqx + npx + nq. Vipande viwili vya kati ni mq na np. Vizidishe: mq × np = mp × nq, na hiyo ndiyo a × c hasa. Zile namba mbili zilizomezwa na b zilikuwa na zao ac tangu mwanzo. Pale a ilipokuwa 1, ac ilikuwa c tu, kwa hiyo hatukuiona. Sheria ni moja.

Mahali panapoharibika ni mstari wa pili. Kutoka −8x − 20 ukitoa −4, ndani kunabaki 2x + 5, kwa kuwa −4 mara +5 ni −20. Wengi huandika −4(2x − 5), halafu wanaona mabano hayafanani na kudhani jozi yao ni mbaya. Mabano mawili yasipofanana, kagua alama kwanza kabla ya kutupa jozi. Mpangilio wa 15x na −8x haujalishi: ukianza na −8x utapata 2x(3x − 4) + 5(3x − 4), vigawo vile vile.

Hakiki kwa njia ya kurudi nyuma, ambayo ni ya haraka kuliko kuweka sehemu ndani ya mlinganyo. Kwa a yoyote, jumla ya mizizi ni −b/a na zao ni c/a. Jumla ya −5/2 na 4/3 ni −15/6 + 8/6 = −7/6, na −b/a ni −7/6. Zao ni −20/6, na c/a ni −20/6. Imekubali. Zingatia kwamba zao peke yake halitoshi: aliyegeuza alama zote mbili na kuandika 5/2 na −4/3 angepata zao lile lile, ila jumla ingemkana.

Uhusiano huu hukupa pia njia mbili za mkato. Kama a + b + c ni sifuri, 1 ni mzizi, na mwingine ni c/a: 5x² − 13x + 8 = 0 ina 1 na 8/5. Kama a + c = b, basi −1 ni mzizi, na mwingine ni −c/a: 7x² + 9x + 2 = 0 ina −1 na −2/7.

Pale mlinganyo unapogoma

Kabla ya kuteketeza dakika kumi, kokotoa b² − 4ac. Ikiwa a, b na c ni namba kamili, na jibu ni namba mraba (0, 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea), mlinganyo unavunjika kwa namba kamili. Kwa x² + 5x + 4 = 0 ni 25 − 16 = 9, unavunjika. Kwa x² + 5x + 3 = 0 ni 25 − 12 = 13, usihangaike na jozi. Ikiwa 0, mabano mawili yanafanana na mzizi unajirudia. Ikiwa hasi, hakuna namba halisi itakayofaa.

Kwa ule wa 13 unaweza kutumia kanuni ya kwadratiki, lakini kuna njia inayotoka moja kwa moja kwenye jumla na zao. Wababeli waliitumia kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, walipotafuta namba mbili zenye jumla na zao vinavyojulikana. Mizizi miwili ipo umbali sawa kutoka nusu ya jumla yake. Jumla ni −5, nusu ni −2.5. Basi mizizi ni −2.5 + u na −2.5 − u. Zao lake ni 6.25 − u², na tunajua zao ni 3. Kwa hiyo u² = 3.25, na x = −2.5 ± √3.25. Jaribu kwenye kile kiwanja: jumla 75, nusu 37.5, mraba wake 1,406.25, toa 350 ubaki na 1,056.25, kipeuo chake cha pili ni 32.5, na 37.5 ± 32.5 ni 70 na 5. Hakuna orodha ya jozi hata moja. Kama a si 1, gawanya mlinganyo wote kwa a kwanza.

Kuunda mlinganyo bila kuijua mizizi

Kidato cha tano kazi hii hupanda ngazi. Mizizi ya 2x² − 7x + 4 = 0 ni α na β (herufi za Kigiriki, alfa na beta); tafuta mlinganyo wenye mizizi α² na β². Hapa b² − 4ac ni 49 − 32 = 17, kwa hiyo kuvunja hakuwezekani, na kutumia kanuni kutakutumbukiza kwenye vipeuo visivyo vya lazima. Huhitaji α wala β. Unahitaji jumla na zao tu.

α + β = 7/2, na αβ = 4/2 = 2. Jumla mpya ni α² + β². Hii si (α + β)², kwa kuwa (α + β)² ukiifungua ina 2αβ ya ziada ndani yake. Itoe: α² + β² = (7/2)² − 2 × 2 = 49/4 − 4 = 33/4. Zao jipya ni (αβ)² = 4. Mlinganyo ni x² − (33/4)x + 4 = 0, na ukizidisha kwa 4, 4x² − 33x + 16 = 0. Zidisha vipande vyote, pamoja na ile 4 ya mwisho. Kuiacha ilivyo ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye hatua hii. Na "= 0" iandikwe, bila hiyo hakuna mlinganyo.

Ukiulizwa wenye mizizi 1/α na 1/β, jumla ni (α + β)/αβ = 7/4 na zao ni 1/2, kwa hiyo 4x² − 7x + 2 = 0. Namba a, b na c ni zile zile zikisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na itakuwa hivyo kwa kila mlinganyo ambao c yake si sifuri.

Anayetilia shaka ule wa α² na β² achukue kikokotoo. Mizizi ya mlinganyo wa kwanza ni takriban 2.7808 na 0.7192. Miraba yake ni 7.7327 na 0.5173. Jumla yake ni 8.25, yaani 33/4, na ukiizidisha hiyo miraba miwili unapata 4, ukiacha kipande kidogo kinachotokana na kukadiria desimali.